Kawia Ufike

Kifurushi kililetwa na posta Jumanne, mji wa Kemi, Februari,
kikubwa kuliko kiberiti, kidogo kuliko kiatu.
Nikakimimina kwenye sinia la keki visije vikatoroka:
rezista hamsini na mbili,
kapasita kama mbegu za maboga, skrubu nne,
na sanduku tupu la bati lenye matundu,
uso unaosubiri macho.

Karatasi ilisema: panga kwa rangi.
Hapo nikakwama.

Mimi nyekundu na kijani sizitofautishi.
Nikiwa na miaka kumi na tisa daktari wa bandari
alinifungulia kitabu cha vitone, akauliza naona namba gani.
Niliona vitone.
Usukani nikanyimwa, nikapewa injini,
na miaka thelathini sasa naisikia barafu ikipasuka
juu ya kichwa changu, nami niko chini na grisi.

"Tuulikki," niliita. "Niazime macho."

Akaja na soksi mguu mmoja. Ana miaka kumi na mitano,
mwezi wa nane anahamia Oulu kusoma,
na siku hizi hunijibu neno moja, akijisahau mawili.
Aliinua rezista kwenye taa kama anayechagua mchele.
"Kahawia, nyeusi, chungwa."
Elfu kumi.
"Manjano, zambarau, nyekundu."
Elfu nne na mia saba.
"Hii kijani, ile nyekundu. Kweli huoni, baba?"
Kweli sioni.
Akanyamaza. Kisha akaendelea kusoma, polepole zaidi,
kama anayemshika mtu mkono kwenye ngazi.

Siku tatu, baada ya chakula cha jioni: yeye jicho, mimi mkono.
Risasi ikayeyuka, ikatoa moshi wa utomvu wa msonobari,
jikoni pakanuka msitu unaoungua kwa adabu.

"Na hii yenye miguu mingi?"

Hiyo ndiyo yenyewe, nikamwambia.
Nyumba inaungua, mto uko mbali,
watu wamejipanga foleni, zaidi ya elfu nne,
kila mmoja na ndoo yake.
Sauti ni maji. Wanapokezana, wanapokezana,
hadi wa mwisho amwage. Ndiyo maana inachelewa.

"Na yanayomwagika njiani?"

Hayo ndiyo utamu wake.

Ijumaa tukaweka betri. Kimya.
Si mlio, si mkwaruzo.
Nikatukana matusi ya chumba cha injini,
mengine sikujua kwamba anayajua.
Akainamia ubao, nywele zikigusa waya.
"Daiodi umeivalisha kinyume."
Rangi haikuhusika hapo. Ni uchovu tu.
Nikaing'oa, nikaigeuza, kidole kikaungua.

"Imewaka," nikasema.
"Ya kijani," akasema, bila kuulizwa.

Gita langu ni la zamani, waya wa sita una kutu.
Nikapiga noti moja, ikatoka, ikarudi.
Nikapiga ya pili, kidole kikateleza,
na sanduku halina siri:
kosa langu likarudi mara nne,
kila mara limepungua ukali,
kama mgeni anayeaga kinyumenyume
hadi mlangoni, hadi nje, hadi thelujini,
nisijue tena kama limo kwenye spika
au limebaki sikioni mwangu.

Sikuwahi kusamehewa hivyo na chombo chochote.

Jirani Rauni akagonga ukuta mara tatu.
"Huyo hana kitasa cha kumpunguza," akasema Tuulikki,
akakizungusha cha kwetu hadi mwisho wa muda.
"Sasa piga moja. Usiongeze."

Nikapiga.
Tukakaa. Friji ikanguruma, ikaacha.
Foleni ndefu ile, gizani, mkono kwa mkono,
na mtoto wangu amesimama, mguu mmoja una soksi,
mwingine umekanyaga ule wa kwanza kwa baridi.
Nilidhani wameangusha ndoo.

Ikafika.

"Tena," alisema.