Nusu Alama

Swali la saba, chemsha bongo, Chumbageni:
nani wa kwanza kuipita sauti angani?
Nikaandika Mmarekani, arobaini na saba, Oktoba.
Nikapigiwa vema.

Sechambo akanyanyuka bila kuitwa.
"Mwalimu, wanasema kuna mwenzake,
siku chache kabla, jangwa lile lile.
Watu wa chini waliusikia mshindo."
Mwalimu Mngodo, chaki sikioni:
"Kipimo alikibeba?"
"Hakubeba."
"Basi alipiga kelele tu."

Tukacheka. Sechambo hakuketi.
"Na Mjerumani aliyedai kapiga mbizi vitani,
ndege ikarudi ribiti zimeng'oka, mbawa zimepinda?"
"Ribiti si ushahidi, kijana."
"Na injini yenyewe ya jeti? Mwingereza alitangulia hati,
Mjerumani akatangulia kupaa.
Mtoto ni wa mwenye cheti
au wa aliyemfundisha kutembea?"
Akapewa nusu alama. Ya ubishi, alisema Mwalimu.

Njiani, tukikokota baiskeli yenye pancha,
akaniambia: rubani mwenyewe hausikii ule mshindo.
Unamfuata nyuma.
Wanaousikia ni waliobaki chini.

Nikafika Pongwe giza limeingia.
Baba yuko kwenye korona, anapaka grisi,
mikono kijani kwa maji ya mkonge.
Pale ubavuni bamba la shaba, herufi zimeliwa nusu:
*Breki ya usalama. Ubunifu wa K. Stavridi.*
Nimelisoma tangu sijui kusoma.
Na kanyagio chini yake
nalijua lilikotoka: chesisi ya lori la Bedfodi,
Baba alilikata kwa msumeno siku tatu
baada ya mashine kumla Mkomwa vidole vinne.

"Hukudai?"
"Nilidai."
Akafuta bamba kwa kitambaa, kwa mazoea,
kama anavyofuta kila kitu.
"Wakaniuliza mchoro uko wapi.
Nilichora chini, hapo mlangoni, kwa msumari.
Usiku ule mvua ikanyesha."
Akaniomba nimshikie taa, nisimzibe.

Asubuhi nikampelekea Mwalimu karatasi yangu,
nikamwomba anikate nusu alama.
Akavua miwani. "Kwa sababu gani?"

Nikasimama pale, mdomo wazi,
nisiwe na kipimo.