Bei Imepanda

Kazi yangu ni futi na kalamu.
Miaka ishirini na sita naingia nyumba za watu wa Toledo,
navua viatu mlangoni, nauliza bomba lilibadilishwa lini,
kisha naandika namba moja chini ya karatasi
na benki inaisoma kama kauli ya daktari.

Nyumba ya Bi Ilonka Vargo, Mtaa wa Magyar,
nimeipima mara tatu.

Mara ya kwanza mumewe alikuwa hai,
vumbi la kiwanda cha vioo kwenye kope.
Vyumba vitatu, choo kimoja, chumba cha chini kina unyevu.
Niliandika elfu hamsini na nane.
Mzee akacheka: "Zote hizo? Kwa paa linalovuja?"

Mara ya pili ulikuwa mwaka ule wa mbao madirishani.
Nyumba nane za mtaa zimepigiliwa misumari,
paka wanazaa kwenye vitanda vya watu.
Niliandika elfu kumi na tisa.
Bi Ilonka alinikatia mkate wa mbegu za popi,
akauliza zile elfu thelathini na tisa zimekwenda wapi,
maana paa ni lilelile
na yeye hajatoka humu ndani.
Sikuwa na jibu.
Nilikula mkate.

Mara ya tatu ni Jumanne hii.
Theluji imeyeyuka, Mto Maumee umejaa tope,
na sandukuni mwake mna kadi kumi na moja
zilizochapwa zifanane na mwandiko wa mkono:
*Ilonka mpendwa, tunanunua nyumba yako kama ilivyo, taslimu.*
Moja ameikunja, ameiweka chini ya mguu wa meza.
"Mpendwa!" alisema. "Hata marehemu hakuwahi kuniita hivyo."

Wanaandika kutoka miji ambako gereji moja
ingenunua upande mzima wa mtaa huu.
Waliinamia ramani wakasema: pale ni rahisi.
Neno lenye makali pande mbili, rahisi:
kisicho ghali,
na kisichohitaji nguvu kukichukua.

Bei imepanda, wanasema wote, redioni, kinyozi, kanisani.
Imepanda nini?
Nimezunguka ua wote wa Bi Ilonka na futi yangu,
sikuona mche.

Binti yangu Corinne ni muuguzi wa zamu ya usiku.
Ameomba nyumba sita, zote sita zimempita.
Anaweka akiba kama mtu anayekimbilia basi:
akifika kituoni
anaona moshi.
"Baba, wewe ndiye unayezipima. Zitashuka?"

Wataalamu wanasema asilimia nne mwakani, mwingine anasema sita,
mwingine anasema subirini.
Mimi nimeziona zikishuka.
Hazikushuka ili kuwangoja watoto wetu.
Zilishuka zimebeba watu mgongoni.

Nilipomaliza kupima, Bi Ilonka alinishika mkono wenye kalamu.
Anahamia kwa dada yake, magoti yameikataa ngazi.
"Niandikie," alisema, "inayotosha kunizika
lakini isiyomfukuza anayekuja."
Nikamwambia kanuni haziniruhusu.
Nikamwambia kuhusu nyumba tatu zilizouzwa jirani, jiko jipya, soko.
Akanisikiliza kwa adabu,
kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua.

Niliandika mia moja arobaini na saba elfu.
Mkono haukutetemeka. Ningependa kusema ulitetemeka.

Wiki mbili baadaye Corinne alipiga simu alfajiri,
bado amevaa sare ya hospitali, nilisikia lifti ikilia nyuma yake.
Kuna nyumba Mtaa wa Magyar, alisema,
vyumba vitatu, choo kimoja,
wanapokea maombi hadi Jumapili,
bei yake juu kidogo ya uwezo wangu, Baba,
kidogo tu.
Unaijua?

Naijua, nikasema.
Chumba cha chini kina unyevu.
Ukienda kuiona, vua viatu mlangoni.