Herufi Mbili

Mwandiko wako, Daktari Sekiete,
niliusoma miaka kumi na mmoja
na hakuna aliyenipa cheti.
Wauza dawa wa Ngamiani walivuka barabara
kuja kuniuliza: Bi. Mwanamkasi, hii ni nini,
ni "kutwa mara mbili" au ni mdudu aliyefia kwenye karatasi?
Nikawasomea. Niliujua mkono wako
kama fundi cherehani anavyoujua mshono wa mwenzake.

Walisema ulianzia zahanati ya mkonge, njia ya Muheza,
ukiwashona wakataji vidole kwa mwanga wa chemli,
nusu ya mshahara ikija kwa mihogo.
Kisha Bombo, wodi ya watoto,
ambako ulitanguliza sikio lako kifuani
kabla ya kile chuma,
kwa sababu chuma ni baridi, ulisema,
na mtoto hajakukosea kitu.

Kisha barua. Mganga Mkuu wa Mkoa.
Tukapiga makofi, tukala sambusa,
na Jumatatu ukaketi kwenye kiti kinachozunguka
ukazunguka nacho kumtafuta mgonjwa.
Hakuna. Mafaili tu.
Faili halina mapigo. Nilikuona ukiligusa hata hivyo,
vidole viwili juu ya jalada, mahali ambapo pangekuwa na mshipa.

Ukajifunza. Ukajifunza "husika na kichwa cha habari hapo juu",
ukajifunza posho ya semina, na semina ya posho,
ukajifunza kusema "tunalifanyia kazi" bila kukohoa.
Nisamehe, nyumbani nilisema:
yule wamempaka cheo kama chokaa,
ukuta wenyewe hauonekani tena.

Mwaka ule vuli ilipofumua vyoo vya Makorora
wagonjwa waliletwa kwa baiskeli
(kwetu Tanga kipi hakiji kwa baiskeli?)
wamefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa mwendeshaji
wasidondoke.
Wanne Jumanne.
Kumi na tisa Alhamisi.

Mheshimiwa akapiga simu. Nilisikiliza; sikupaswa.
Alisema kwa upole, na upole ndio ulionitisha:
Wageni wa maonyesho wanafika wiki ijayo, Daktari.
Andika ugonjwa wa kuharisha.
Kuharisha ni uongo?
"Si uongo, mheshimiwa."
Ukaweka simu chini, ukaenda kwenye beseni
ukanawa mpaka viwikoni, kwa sabuni,
wewe uliyekuwa umeshika simu tu.

Karatasi uliyonipa, kwa mara ya kwanza,
ilikuwa na herufi kubwa, moja moja, za mtoto wa darasa la pili,
nisije nikakosea,
au nikaja kusema nilikosea.

Mashine yangu haikuwa na p.
Ilikatika tangu Ramadhani, na fundi wa Barabara ya Nane
kazi yake kuahidi.
Likatoka: ki indu indu.
Neno kibogoyo.
Ningeliacha hivyo kila mtu angesoma alitakalo,
nami ningekula pensheni yangu kwa amani.
Nikachukua kalamu, nikaziba pengo la kwanza.
Nikakutazama. Ulikuwa unatazama viatu vyako.
Nikaziba la pili.

Soko lilifungwa siku ishirini na mbili.
Wauza maandazi walikutukana mpaka babu yako.
Klorini ikaja kwa lori, wageni wakaenda Moshi,
nawe ukapewa chumba nyuma ya stoo ya vyandarua,
Mratibu wa Kumbukumbu,
kiti cha mbao, kisichozunguka.
Waliokufa tuliwahesabu, tukasaini.
Wasiokufa hawana fomu.

Jana nilipita kukuletea chai.
Ulikuwa na taarifa mpya mbele yako, ya Mwakidila,
na hukuniambia inasema nini.
Uliuliza tu kama yule fundi amekwisha kuja.
Bado, nikasema.
Ukavuta droo, ukanisogezea kalamu.