Darubini ya Marehemu

Kila safari, pale ghuba inapojikunja,
kuna jiwe la manjano juu ya theluji,
na kila safari mtu hupiga yowe: Dubu!
Abiria hukimbilia upande mmoja, meli ikainama kidogo,
kamera zikatatarika kama mafuta ya moto.
Mimi Hansigne, kiongozi wao, bunduki begani,
huwaacha dakika mbili ndipo niseme: Jiwe.
Babu angenicheka. Yeye hakulipwa kwa kuonyesha mawe.

Leo alikuwapo Bi Bodil wa Aarhus,
koti la kuazima limemfika magotini,
shingoni darubini ya mumewe
aliyezikwa Februari.
“Unaona vizuri?”
“Ukungu mtupu.”
Nikanyoosha mkono nimrekebishie kioo. Akausukuma.
“Usiguse. Aliiacha hivi, sawa na macho yake.”

Ndipo jiwe likasimama.
Likapiga mwayo, likatikisa mgongo,
na nyuma yake mtoto, mchafu kama soksi ya baharia.
Safari hii hakuna aliyepiga yowe.
Nahodha akazima injini; tukasikia barafu ikipasuka kwa mbali,
na mtu akimeza mate.

“Wangapi?” Bi Bodil akanong’ona, darubini usoni.
Wawili.
“Wanakwenda wapi?”
Nikamsimulia hatua kwa hatua:
sasa ananusa, sasa mdogo kateleza,
sasa mama kageuka kumngoja,
mpaka mwamba ukawameza.
Hakuishusha.

Na jiwe letu? Lilikuwa palepale,
hatua kumi kando,
halijatazamwa na mtu.