Nukta Mwanzoni

Fundi wa Luthuli aliniapia kwa jina la mamake:
mashine ni safi, dada, nimefuta kila kitu.
Alifuta kila alichokiona.
Faili inayoanza kwa nukta haionekani
mpaka uiite kwa njia yake,
kama jirani asiyefungua mlango
hadi utaje jina lake la utotoni.

Basi usiku wa kwanza, Zimmerman, orofa ya nne,
mvua ya Aprili ikichapa mabati ya kanisa huko chini,
nikafungua ganda jeusi nilipange nilivyozoea,
nikakuta limeshapangwa.
Mwenyewe: nyanchoka.
Herufi ndogo zote, kama mtu aliyevua viatu mlangoni.

Maisha yako siyajui, Nyanchoka. Nazijua lakabu zako.
Amri ndefu za wageni ulizikatakata
zikawa maneno ya kusemea jikoni:
rudi, ya kupanda ngazi moja juu;
fagia, ya kufuta skrini;
choka, ya kuzima mashine,
na hapo nilicheka peke yangu,
maana ulikuwa umeukata mkia wa jina lako ukautia kazini.

Ile alama ya dola inayongoja amri uliing'oa.
Kando yake ukaandika maelezo: dola ninazo wapi mimi?
Ukaweka neno moja tu, haya,
na kila nikimaliza jambo, mashine inaniambia haya
kwa sauti ya mtu anayekaza leso kiunoni
kabla ya kuinua sufuria.

Kihariri chako, hapo tulikosana.
Wewe nafasi mbili mwanzo wa mstari; mimi nne, tangu chuo.
Wewe maandishi ya rangi ya chungwa
yanayoniumiza macho saa sita za usiku.
Tena ulikiagiza kijihifadhi kila sekunde kumi.
Nikasema, huu sasa ni woga.
Kando yake: stima ya huku haina adabu.
Saa tatu na dakika kumi stima ikaenda,
ploti nzima ikapiga yowe,
na betri hii, kumbe, ni pambo.
Iliporudi, kazi yangu ilikuwepo yote
isipokuwa nusu ya sentensi
ambayo hata hivyo haikuwa nzuri.

Siku ya nne nikaanza kukubomoa taratibu.
Nafasi zikawa nne.
Rangi nikatia kijani, ile ya managu kabla hayajaiva.
Rudi nikajaribu kuiita nyuma;
vidole vikakataa, nikairudisha.

Ndipo chini kabisa, mstari wa mia moja na saba,
lakabu niliyokuwa sijaigusa: baba.
Na maelezo yake, neno moja: usiulize.

Nikaiandika.
Ikatoa 772. Basi.
Inahesabu siku tangu tarehe tatu Machi, mwaka juzi.
Tangu azikwe? Tangu aache pombe?
Tangu mara ya mwisho apokee simu yako?
Nambari haina uso. Niliitazama
mpaka uji ukagandia chini ya sufuria.

Kesho yake 773.
Keshokutwa, sikutaka, lakini vidole, 774.
Inaota mikononi mwangu
kama sukuma wiki ya mpangaji aliyehama
akaiacha kwenye gunia pale roshani,
nami ni nani nisiimwagilie?

Labda una mashine mpya, unahesabu huko.
Labda uliiuza hii
ili mtu akusaidie kuacha.

Vyote vingine vitakuwa vyangu kufikia Juni.
Ule mstari nimeuacha ulipo, na nafasi zake mbili.
Chini ya usiulize nimeongeza maelezo yangu:
sijauliza.
Kisha nikahifadhi kwa mkono,
ingawa ingejihifadhi yenyewe.