Faili Juu ya Mto

Kew, Jumanne, mvua ya rasharasha.
Kalamu ya wino wameizuia mlangoni:
humu huandikwa kwa penseli tu,
lisije neno jipya likaganda
juu ya walichokwisha kukiandika wao.

Kijana wa zamu ananiletea faili
na mto wa sponji wa kulilaza.
"Taratibu," ananong'ona, "mgongo wake umechoka."
Na wa baba?
Mwachofi alilala juu ya kokoto
mbele ya ofisi ya Bwana Shauri,
jua la saa saba likimtazama.

Nafungua.
Simu ya asubuhi: *Wamefika kama mia nne.
Wanaimba. Wana barua. Hawana silaha.*
Simu ya pili: *Tumewaamuru watawanyike. Wameketi.*
Ya tatu haipo. Pana karatasi ya manjano,
"imeondolewa", na sahihi isiyosomeka.

Halafu hesabu, kwa mwandiko mzuri wa shule:
risasi, thelathini na moja;
viatu, jozi tisa, na kimoja cha kushoto;
mwavuli;
barua, imelowa;
baiskeli nyeusi, namba 40716,
imenadiwa shilingi themanini
kufidia risasi.

Wahenga walisema mtenda husahau.
Huyu hakusahau hata mwavuli.
Aliyesahaulishwa ni mama,
aliyeambiwa na karani wa boma:
mumeo katorokea Mombasa, ana mwanamke Makupa.
Akaamini. Kuamini kulikuwa na nafuu yake;
aliyetoroka huweza kurudi.
Miaka kumi na minne, akisikia kengele ya baiskeli
alifuta mikono kwenye kanga, akatoka uani.
Akirudi hakusema kitu,
aliongeza maji sufuriani.

Nami nilimchukia Mwachofi
kwa ajili ya huyo mwanamke wa Makupa.
Nilimchukia kwa bidii, kama kazi ya mshahara,
mpaka leo saa nne na robo.

Jina lake halimo. Nimelitafuta mara tatu.
Lakini hiyo namba naijua:
ndiyo niliyojifunzia tarakimu, kwa kidole,
juu ya chuma chake, kabla sijaota meno ya mbele.

Nakala ya ukurasa inauzwa.
Nimelipa.

Nje, kando ya bwawa, korongo kasimama kwa mguu mmoja.
Nyuma yangu inalia kengele ya baiskeli.
Nageuka upesi,
nikifuta mikono kwenye koti.