Kifungu cha Nne

Nilimnakilia Asahel Pruett miaka kumi na tisa,
kwanza kwa unyoya wa bata bukini, kisha kwa kalamu ya chuma,
na kidole changu cha kati bado kina sugu ya wino.

Alianza na chumba kimoja juu ya duka la hatamu
huko Calloway Ford, ukingoni mwa Wabash:
vitabu vitatu vya sheria, kimoja hakina jalada,
na jiko lililotoa moshi kuliko moto.
Wateja walilipa kwa walichokuwa nacho,
kapu la matufaha, paja la nguruwe, ahadi.
Ahadi ndizo zilizokuwa nyingi.

Kesi iliyompa jina ilikuwa ya Keziah Dowd,
mjane, nguruwe kumi na mmoja,
walioingia mahindi ya Ambrose Tull
wakala walivyokula.
Pruett alisimama, koti limepauka viwikoni.
Hakupaza sauti. Aliuliza tu:
"Mheshimiwa, nguruwe anajua kusoma?
Mwenye mahindi ndiye wa kujenga ua.
Msitu ni wa Mungu, na kokwa za mwaloni hazina hati."
Wale kumi na wawili wa baraza walitoka, wakarudi
kabla kiko changu hakijazimika.
Tangu hapo mjane akaleta soseji kila Novemba,
zimefungwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi.

Kisha tukampeleka bungeni.
Nasema *tuka*, maana nami nilipiga kura,
nami nilibandika karatasi zake kwenye milango ya maghala.
Indianapolis ikampa kiti chenye mto wa ngozi
na marafiki waliomwita Asahel kabla hajawatajia jina.
Barua zake zikaanza kusema "sisi".
Alitaka daraja. Kwa haki yake niseme: alilitaka kwa ajili yetu.
Masika yale mto ulikipindua kivuko,
na watoto wawili wa Fenwick hawakuonekana tena.
Lakini daraja lilihitaji kura,
na wenye kura walikuwa na mahindi.

Usiku mmoja akaniandikisha mswada wa nyua.
Kifungu cha nne:
*Mnyama yeyote atakayekutwa nje ya ua wa mwenye mali
atakamatwa, atauzwa, na mwenye mali atalipa gharama.*
Kalamu ilisita.
Nikauliza, "Hata nguruwe?"
Akatazama dirisha. Nje giza; kioo kilimrudishia uso wake.
"Andika, Lemuel. Una mwandiko mzuri."

Watu husema sheria ni msumeno.
Hawasemi nani huyanoa meno.

Daraja lipo. Nimelivuka leo asubuhi,
mbao zanuka lami, jina lake limechongwa nguzoni.
Keziah Dowd alilivuka vuli ile, kwa miguu,
karatasi ya mnada mkononi,
akapanda ngazi za duka la hatamu
kutafuta wakili.

Pruett alikuwepo; bunge lilikuwa likizoni.
Akamvutia kiti. Akaisoma karatasi
mbele, nyuma, na mbele tena,
kama iliyotungwa na mtu asiyemjua.
Akatafuta koma iliyopotea, tarehe iliyopinda,
tundu lolote la kupenya.
Hakuliona.
Nilikuwa nimenakili vizuri.

Alichaguliwa mara mbili zaidi.
Ile ndoano bado iko ukutani, nyuma ya jiko,
na chini yake doa la mafuta
ambalo sijalisugua.